«Ustaarabu» na «Ushenzi» kwenye Mto Kongo: Alama katika Riwaya ya Conrad na Kimya cha Waswahili

1. Utangulizi

Mwaka 1902 yalitokea Ulaya maandishi mawili yanayohusu mto mmoja. La kwanza ni riwaya fupi ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, yaani «Moyo wa Giza», iliyokuwa imechapwa kwa sehemu 3 katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, na sasa ikaingizwa katika kitabu. La pili ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kwa herufi za Kilatini, na yakaanza kuchapwa mjini Berlin mwaka huohuo.

Riwaya ya Conrad inafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima kama mfano bora wa fasihi inayohoji ustaarabu na ushenzi. Maandishi ya Tippu Tip husomwa zaidi na wanahistoria na wanaisimu. Makala hii inakusudia kuyaweka pamoja, ili kuonyesha jambo moja: alama za Conrad zinapata nguvu yake kwa kuunyamazisha mto, hali mto huo wakati ule ulikuwa ukisema, na sehemu ya usemi wake ilikuwa Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili hicho chenyewe hakikuwa na mikono safi.

2. Safari ya mwaka 1890

Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857 na aliyekuwa baharia wa meli za Uingereza, alifika Boma mwezi Juni 1890, akiwa ameajiriwa na kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kwa kuwa reli ya kupita maporomoko ya maji ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa; ilikamilika mwaka 1898. Tarehe 3 Agosti alipanda stima iliyoitwa Roi des Belges, na kwa muda usiofika mwezi mmoja akasafiri zaidi ya kilomita 1,600 hadi Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Huko wakampakia wakala mgonjwa, Georges-Antoine Klein, ambaye alifariki njiani wakati wa kurudi. Wahakiki wengi wanaona kwamba kifo hicho ni mojawapo ya chembe zilizomzaa Kurtz, mhusika mkuu wa riwaya.

Lakini Stanley Falls ya mwaka 1890 haikuwa kituo kilichopotea katikati ya msitu mtupu. Palikuwa na makazi makubwa ya Waswahili na Wangwana, na biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyofungamana na Nyangwe, Kasongo, Ujiji na Zanzibar. Tangu mwaka 1887, Tippu Tip alikuwa liwali wa mahali hapo kwa mkataba na Mfalme Leopold II, mkataba uliofikishwa Zanzibar na Stanley. Aliondoka kurudi Zanzibar mwaka uleule aliofika Conrad, akimwachia mahali pake mpwa wake Rashid.

Hayo yote hayamo katika riwaya. Kituo cha ndani anakokaa Kurtz kimezungukwa na msitu, ukungu na ngoma tu. Wazanzibari wanatajwa kwa kupita, kama walinzi wenye silaha wa Mzungu mmoja aliyepiga kambi njiani. Hawana jina wala neno lolote vinywani mwao.

3. Alama tatu

Alama ya kwanza ni nuru na giza. Masimulizi hayaanzi Afrika bali katika mto Thames, ambapo msimulizi Marlow anakumbusha kwamba Uingereza nayo ilikuwa nchi ya giza machoni pa Warumi. Mji wa kampuni, unaotambulikana kuwa Bruxelles, unamjia kama kaburi lililopakwa chokaa. Kurtz mwenyewe amechora picha ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, naye amebeba mwenge. Maana ya picha hiyo ni wazi: anayepeleka nuru ndiye asiyeona. Mwishoni giza limetanda juu ya Thames, pale safari ya masimulizi ilipoanzia.

Alama ya pili ni pembe za ndovu. Katika vituo vya kampuni neno hilo linanong'onwa kama sala. Kurtz, aliyekuja na hotuba za kuendeleza watu, amefanana na kitu alichokuwa akikitafuta: upara wake unang'aa kama tufe la pembe. Kinyume chake wapo mabaharia Waafrika wa stima, wanaoitwa wala watu. Mshahara wao ni vipande vya waya wa shaba, nao hawapati mahali pa kununulia chakula. Wana njaa, ni 30 dhidi ya Wazungu 5, lakini hawawagusi. Marlow anastaajabia kujizuia kwao. Waya huo si ubunifu mtupu: mitako ya shaba ilikuwa fedha halisi kwenye mto huo. Hapa riwaya inaipindua mizani yake yenyewe, kwani fadhila kuu ya ustaarabu, yaani kuitawala nafsi, inaonekana kwa wale walioitwa washenzi, na inakosekana kwa Kurtz.

Alama ya tatu ni vichwa vya watu vilivyotundikwa juu ya nguzo mbele ya nyumba ya Kurtz. Msomaji anaweza kudhani ni ndoto ya mwandishi. Lakini mwaka 1897 jarida la Century la Marekani lilichapa maneno ya msafiri E. J. Glave, aliyepita Stanley Falls mwaka 1895. Aliandika kwamba afisa wa Dola Huru la Kongo, Léon Rom, alikuwa amepamba ukingo wa bustani yake ya maua kwa vichwa 21 vya watu waliouawa katika msafara wa kijeshi. Riwaya ilipotoka miaka 2 baadaye, ushenzi ilioueleza ulikuwa umekwisha kutendwa na mtumishi wa serikali iliyojiita mleta ustaarabu.

4. Kimya na wasemaji wake

Mwaka 1975 Chinua Achebe, katika hotuba aliyoitoa kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, alisema kwamba Conrad ameifanya Afrika kuwa pazia la nyuma tu la kuonyeshea kuporomoka kwa akili ya Mzungu mmoja. Alibainisha pia kwamba Waafrika wa riwaya karibu hawapewi maneno ya kusema. Wapo waliomtetea Conrad kwa kukumbusha kwamba aliufichua unyama wa Leopold mapema, kabla ya taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904. Hoja zote mbili zina ukweli. Riwaya inamshitaki mkoloni kwa nguvu. Lakini shahidi pekee anayesikilizwa mahakamani ni mkoloni mwenyewe.

Hapo ndipo Maisha ya Tippu Tip yanapopata uzito. Katika kurasa zake mto na nchi za Maniema vina majina: majina ya watemi, ya vijiji, ya wadeni na ya wenzi wa biashara. Pembe za ndovu hazinong'onwi. Zinapimwa kwa frasila na kuandikiwa hesabu, kwa kuwa mtaji ulitoka kwa matajiri wa Zanzibar kama Taria Topan na ulipaswa kulipwa. Livingstone, Cameron na Stanley wanaonekana humo kama wageni wanaohitaji msaada. Nchi ambayo Conrad aliiona kama fumbo, mfanyabiashara wa Kiswahili aliijua kama sokoni kwake.

Lakini asidhani msomaji kwamba kwa kufika hapo amefika upande wa wanaodhulumiwa. Tippu Tip anasimulia bila soni jinsi alivyoupata utawala wa Utetera kwa kudai udugu na mtawala wa huko, na jinsi bunduki zake zilivyofungua njia ya pembe na watumwa. Na wenyeji wa bara anawaita kwa neno lilelile: washenzi.

5. Historia ya maneno mawili

Neno «ustaarabu» limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufuata desturi za Kiarabu. Neno «mshenzi» linahusishwa na jina la kale «Zanj», walilopewa watu weusi wa Afrika Mashariki na wasafiri wa Kiarabu na Kiajemi. Jina hilohilo limo ndani ya Zanzibar. Kwa hiyo Mzanzibari aliyemwita Mtetela mshenzi alimtupia jina ambalo zamani alitupiwa yeye.

Mambo hayakuishia hapo. Katika vita vya 1892–1894 majeshi ya Dola Huru yaliwashinda Waswahili. Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893. Ulaya ilielezwa kwamba ustaarabu umeushinda ushenzi wa biashara ya watumwa. Hivyo waliojiita wastaarabu wakageuka kuwa washenzi katika taarifa za mshindi. Mshindi naye akalichukua neno la aliyeshindwa: katika Kifaransa cha wakoloni wa Kongo, «basenji» likawa jina la dharau kwa mwenyeji wa kijijini. Neno lilibadilisha mwenyewe, aliyetupiwa hakubadilika.

6. Hitimisho

Alama za Conrad zinafundisha kwamba ushenzi hauna makao ya kudumu: unaweza kukaa Bruxelles, katika ofisi safi ya mhasibu, au katika ukingo wa bustani ya maua. Fundisho hilo ni kubwa, lakini riwaya haikuweza kulikamilisha, kwa sababu iliwaacha watu wa mto bila lugha. Maisha ya Tippu Tip yanaonyesha kwamba lugha ilikuwapo, na pia kwamba kuwa na lugha si sawa na kuwa na haki. Watu wa Utetera na Maniema, waliochukua pembe mabegani, hawamo kama wasemaji katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo jambo hili si la kale tu. Lugha anayoichunguza ilifika Maniema na Kisangani kwa njia za misafara ileile, na ikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, walio kinyume cha washenzi. Leo ni lugha ya wajukuu wa wapagazi na wa watumwa kuliko ya wajukuu wa matajiri wa Zanzibar. Masimulizi yao, yanayohifadhiwa katika kumbukumbu za koo na vijiji, ndiyo kitabu cha tatu cha mto huo. Kukikusanya na kukiandika ni kazi ya vyuo vya nchi hii.