Kuisoma Sura ya Nchi kutoka Juu: Picha za Anga, Setilaiti na Historia ya Mmomonyoko wa Ardhi katika Uwanda wa Kati wa Tanzania

Utangulizi

Mnamo Novemba 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilianza kuizunguka sayari ya Mirihi, kikawa chombo cha kwanza kuzunguka sayari nyingine mbali na Dunia. Vumbi lililoifunika sayari hiyo lilipotulia, picha zake zilionyesha mabonde yaliyofanana na mito iliyokauka. Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1, ambayo kazi yake ilikuwa kupiga picha za nchi kavu ya Dunia yenyewe. Katika miaka hiyohiyo, watafiti wa mmomonyoko wa ardhi walikuwa wakipima makorongo na mabwawa ya Dodoma, wakitumia picha zilizopigwa kwa ndege.

Kazi hizi tatu zilikuwa na swali moja: umbo la uso wa nchi linaloonekana kutoka juu linaeleza nini kuhusu yaliyoipata nchi hiyo? Anayeisoma Mirihi hana mwenyeji wa kumuuliza. Anayeisoma Dodoma anao Wagogo, Warangi na wengineo walioishi juu ya uso huo kwa vizazi vingi. Makala haya yanadai kwamba katika historia ya uwanda wa kati, picha za kutoka juu zimekuwa na manufaa pale zilipohakikiwa ardhini, na kwamba pale uhakiki ulipopungua, gharama yake ilibebwa na wakazi.

Mazingira ya uwanda wa kati

Mji wa Dodoma uko katika mwinuko wa takribani meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nchi yake ina vilima vya mawe ya matale, miteremko mirefu isiyo mikali, na mbuga za udongo mzito wa mfinyanzi. Mvua hunyesha kwa miezi michache tu, hasa kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi kirefu huiacha ardhi ikiwa wazi, hivyo mvua kubwa za kwanza huupiga udongo kabla majani hayajaota. Hali hii humletea msomaji wa picha mtego: eneo moja lililopigwa picha Oktoba na kupigwa tena Februari huonekana kama nchi mbili. Asiyezingatia majira anaweza kudhani kwamba ardhi imeharibika au imepona, kumbe ni mvua tu iliyokuja au kuondoka.

Fundisho la Kongwa

Hatari ya kuitazama nchi kwa haraka ilidhihirika kabla ya enzi ya setilaiti. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutafuta maeneo ya kilimo kikubwa cha karanga. Ujumbe huo ulizunguka kwa ndege na kwa gari kwa muda wa wiki chache tu, kisha ukapendekeza kulimwa kwa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Vichaka vilivyoonekana vyepesi kufyekwa vilivunja mashine, udongo wenye mfinyanzi uliganda wakati wa kiangazi hata karanga zikawa ngumu kung'olewa, na mvua haikutabirika. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Ugumu wa udongo na tabia ya mvua havikuonekana kutoka angani. Vilihitaji vipimo vya miaka kadhaa na kusikilizwa kwa wenyeji.

Mabwawa ya Dodoma

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden viliendesha utafiti wa pamoja kuhusu mmomonyoko wa ardhi nchini Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, wahariri wake wakiwa Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Karibu na Dodoma yalichunguzwa maeneo manne yanayopeleka maji katika mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi.

Picha za anga ziliwawezesha watafiti kuchora ramani ya makorongo na mashamba. Hata hivyo, hawakuishia hapo. Walipima mashapo yaliyojaa ndani ya mabwawa, kwa kuwa bwawa hutunza kumbukumbu ya udongo ulioondoka miteremkoni. Ulinganisho huo ulionyesha jambo ambalo picha peke yake ingelificha. Makorongo ndiyo yanayovuta jicho, lakini sehemu kubwa ya udongo ilitokana na maji yanayotiririka juu ya uso wote wa mteremko na kuuchukua kidogo kidogo. Aliyetegemea picha pekee angelaumu korongo na kuacha shamba tupu likiendelea kupoteza rutuba.

Kondoa na amri ya mwaka 1979

Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO. Kiini chake kilikuwa milima ya Irangi wilayani Kondoa, ambako eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200 lilihesabiwa kuwa limeharibika vibaya. Makinga maji na upandaji miti vilipoonekana havitoshi, mwaka 1979 iliamriwa mifugo yote iondolewe. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waliondoshwa.

Ulinganisho wa picha za miaka tofauti ulithibitisha kwamba majani na vichaka vilirudi kwenye miteremko iliyokuwa mitupu. Huo ni ushahidi wa kweli. Lakini picha hiyohiyo haikuonyesha zizi lililobaki tupu, mtoto aliyekosa maziwa, shamba lililokosa samadi, wala mzigo uliohamia kichwani mwa mwanamke baada ya punda kuondoka. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ndani ya mabanda uliruhusiwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Suala la chanzo nalo halikumalizwa na picha. Upimaji wa umri wa tabaka za mchanga katika milima ya Irangi umeonyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa na vipindi vya kale, vingine vya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kwa hiyo ng'ombe wa karne ya 20 hawawezi kubebeshwa lawama ya kila korongo.

Kukua kwa uwezo wa kuona

Katika picha za Landsat 1, nukta moja iliwakilisha eneo la takribani meta 80 kwa 80, hivyo tembe la Mgogo halikuweza kutambulika. Landsat 4 ya mwaka 1982 ilishusha kipimo hicho hadi meta 30, SPOT 1 ya Ufaransa mwaka 1986 hadi meta 10, na IKONOS mwaka 1999 hadi meta moja hivi. Tangu mwaka 2006 kamera ya HiRISE inayoizunguka Mirihi huonyesha huko vitu vyenye upana wa takribani meta moja. Mwaka 2008 hazina ya picha za Landsat ilifunguliwa bila malipo, jambo lililomwezesha mwanafunzi wa Tanzania kufuatilia mabadiliko ya wilaya yake tangu miaka ya 1970.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba picha kali zaidi hujibu vizuri zaidi maswali ya wapi na lini. Swali la kwa nini hudai mashapo, vipimo vya mvua na masimulizi ya wakazi. Mtafiti wa Mirihi analazimika kukisia chanzo kwa kulinganisha umbo na umbo. Mtafiti wa Dodoma hana sababu ya kujinyima ushahidi ambao mwenzake hawezi kuupata, hasa pale matokeo yake yanapoweza kuwa msingi wa amri ya kuhamisha watu au mifugo.