Msimbo wa Hitilafu: Gari Linasema Nini Linapowasha Taa

Msimbo wa hitilafu ni alama fupi, herufi moja na tarakimu nne, ambayo kompyuta ya gari huiandika kwenye kumbukumbu yake pale kipimo fulani kinapotoka nje ya mipaka iliyowekwa. Ikishajiridhisha, huwasha ile taa ya manjano yenye umbo la injini kwenye dashibodi, ambayo madereva wetu wanaiita cheki injini. Gerejini wengi husema kodi, wengine eraa. Makala hii inatetea jina la msimbo wa hitilafu, kwa sababu likieleweka sawasawa linaokoa fedha za mwenye gari na linalinda heshima ya fundi.

Tuanze na msimbo. Kodi tayari ina kazi zake kubwa mbili, ushuru wa serikali na pango la nyumba, na haihitaji kuongezewa ya tatu. Msimbo ni neno lililokwisha kuzoeleka kwa alama zinazobeba maana iliyokubaliwa, kama misimbo ya posta na ile ya programu za kompyuta. Linakaa vizuri pia kwenye sarufi: msimbo mmoja, misimbo mitatu, msimbo umefutwa, misimbo imerudi.

Hitilafu ndiyo inayobeba uzito wote. Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu, ikhtilaf, yaani kutofautiana, na Kiswahili kimelihifadhi kwa maana mbili. Ya kwanza ni tofauti: watu wakihitilafiana, wamepishana kwa jambo fulani, na bado hatujui nani mkosa. Ya pili ni kasoro au ubovu, kama tunaposikia kwamba umeme umekatika kwa sababu ya hitilafu kwenye njia kuu. Masikioni mwa watu wengi leo maana ya pili imeizima ya kwanza. Kwa gari, ile ya kwanza ndiyo sahihi. Kompyuta haioni ubovu. Inachokiona ni tofauti kati ya kipimo ilichokitarajia na kipimo ilichokipata. Mtu anayesoma msimbo wa hitilafu kama msimbo wa ubovu ataenda moja kwa moja kununua spea. Anayeusoma kama msimbo wa tofauti ataanza kwa kuuliza tofauti hiyo imetoka wapi.

Historia ya misimbo yenyewe inaunga mkono usomaji huu, kwa maana haikubuniwa kwanza ili kumrahisishia fundi kazi. Ilizaliwa California kutokana na vita dhidi ya moshi wa magari. Jimbo hilo lilianza kudai magari mapya yajipime yenyewe mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikafuata mfumo mmoja, wenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na orodha moja ya misimbo. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Taa ilikusudiwa kuwaka pale moshi unapoelekea kuvuka kiwango kilichowekwa, kwa mifumo mingi mara 1.5 ya kiwango halali. Ndiyo sababu gari linaweza kuwasha taa huku likikimbia vizuri kabisa na dereva asihisi lolote: mpaka uliovukwa ni wa moshi.

Sasa tuushike msimbo mmoja mkononi, P0171, ambao ni mgeni wa mara kwa mara kwenye magari madogo yaliyotumika, kama Toyota IST na Vitz zenye injini ya 1NZ-FE. Herufi P inataja mfumo wa nguvu, yaani injini na giaboksi. Ingekuwa B ingehusu bodi, C chasisi, na U mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza, 0, inasema msimbo huu ni wa pamoja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni wa mtengenezaji mwenyewe. Inayofuata, 1, inataja eneo: upimaji wa hewa na mafuta. Ingekuwa 3 tungekuwa kwenye uwashaji, yaani plagi, koili na silinda zinazomisi. 4 ingetupeleka kwenye mifumo ya kupunguza moshi. Tarakimu mbili za mwisho, 71, zinataja tofauti yenyewe: mchanganyiko una mafuta machache mno kwa hewa iliyopo, katika safu ya 1.

Hapo istilahi inatudai uangalifu mara mbili. Kwanza, kile ambacho mafundi hukitamka benki ni safu ya silinda. Injini yenye umbo la V ina safu mbili, na safu ya 1 ni ile yenye silinda namba 1. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ina safu moja tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafuta ya pili. Pili, mchanganyiko wenye mafuta machache hauhitaji jina la kupendeza kama mwembamba au mwepesi, kwa sababu maneno hayo hayamwambii mtu nini kimepungua. Mchanganyiko wenye upungufu wa mafuta unatosha, na kinyume chake ni wenye mafuta ya ziada.

Upungufu huo unapimwaje? Petroli huungua kikamilifu pale kilo 1 inapopata takribani kilo 14.7 za hewa. Kwenye njia ya hewa kuna sensa yenye waya wa moto inayokadiria kiasi cha hewa kinachoingia, na kompyuta inaamuru nozeli zimwage mafuta yanayolingana na hewa hiyo. Kisha sensa ya oksijeni iliyochomekwa kwenye ekzosi inaripoti kilichobaki baada ya moto. Ikiripoti kwamba oksijeni imebaki nyingi, kompyuta inaongeza mafuta kidogo. Ikiripoti kwamba imekwisha, inapunguza. Nyongeza na punguzo hizo ndizo tunazoziita marekebisho ya mafuta, nazo huhesabiwa kwa asilimia. Ya muda mfupi hubadilika kila nukta, ya muda mrefu ni mazoea ambayo kompyuta imejifunza. Injini yenye afya huzunguka karibu na sifuri, na asilimia 10 juu au chini haitishi. Marekebisho yakipanda hadi asilimia 25 au zaidi, kutegemea mtengenezaji, kompyuta inakiri kwamba imeongeza mafuta hadi mwisho wa ruhusa yake na tofauti bado ipo. Hapo inaandika P0171.

Tazama basi kinachotokea gerejini. Msimbo unasomwa, mtu anasikia kwamba sensa ya oksijeni ndiyo iliyoripoti, na sensa ya oksijeni inabadilishwa. Taa inafutwa, mwenye gari analipa, na baada ya siku chache taa imerudi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sensa ile ilikuwa inasema kweli: oksijeni ilikuwa nyingi kwenye ekzosi. Swali lililorukwa ni kwa nini ilikuwa nyingi, na majibu yake ni mengi. Huenda hewa inapenya mahali isipopimwa, au sensa ya waya wa moto imeshika vumbi na inahesabu hewa kwa upungufu. Huenda pampu ya mafuta imechoka, au filta ya mafuta na nozeli zimeziba. Huenda hata ekzosi yenyewe ina ufa kabla ya sensa na inavuta hewa ya nje, na injini haina tatizo lolote.

Kinachozitenganisha sababu hizi ni marekebisho ya mafuta, na kuyasoma hakuhitaji zaidi ya kifaa cha kawaida na subira. Fundi anaacha injini ipate moto, kisha anasoma namba ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta. Anapandisha mzunguko hadi 2,500 kwa dakika, anaushikilia hapo, anasoma tena. Tuseme ya kwanza ni asilimia 24 na ya pili ni 5. Maana yake hewa isiyopimwa inaingia. Tundu dogo linaingiza kiasi ambacho ni kikubwa ukilinganisha na hewa kidogo ya injini iliyotulia, lakini injini ikivuta hewa nyingi kiasi hicho kinamezwa. Namba zikienda kinyume, zikawa nzuri chini na mbaya gari linapopanda mlima, basi tundu si mshukiwa tena: tazama pampu, filta ya mafuta na usafi wa sensa ya hewa.

Kwenye gari lenye umri wa miaka 15 au 20 tundu hilo mara nyingi liko kwenye mpira mkubwa wa hewa, ule wenye makunjo unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye mlango wa hewa wa injini. Ukiutazama kwa juu ni mzima. Ukipitisha kidole upande wa chini, ndani ya kunjo, unakuta mpira umekauka na kupasuka, na ufa umejifunga wenyewe kwa kuwa injini imezimwa. Mtu mwingine akiingiza gia huku amekanyaga breki, injini inainama kidogo juu ya maunting zake, kunjo linafunguka, na mluzi mdogo wa hewa unasikika. Ufa wa namna hiyo hauonekani kwenye orodha yoyote ya misimbo. Wapo wanaoutafuta kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza injini ikibadilika mlio, njia inayofanya kazi lakini yenye hatari ya moto juu ya injini iliyochemka. Kuingiza moshi kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa na kutazama unakotokea ni salama zaidi, na moshi huonyesha hata ufa ambao kidole kimeukosa.

Tofauti inayojirudia inastahili jina lake pia. Hitilafu sugu ni ile iliyopo muda wote, nayo hurudisha msimbo kila ufutwapo. Hitilafu ya vipindi huja na kuondoka: waya unaogusa bodi gari linapopita kwenye shimo, plagi ya umeme iliyolegea, ufa unaofunguka injini ikiinama. Kwa makosa mengi kompyuta inangoja ione tofauti ileile katika safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa. Baada ya safari ya kwanza huuweka msimbo pembeni, na huo tuuite msimbo unaosubiri. Safari tatu mfululizo zikipita salama, taa inazimika yenyewe, na msimbo unafutika kwenye kumbukumbu baada ya injini kupata moto mara 40 bila tofauti kurudi. Kwa hiyo taa iliyozimika yenyewe haimaanishi kwamba gari limepona, na taa iliyozimwa na fundi haithibitishi lolote mpaka safari hizo zipite.

Hii ndiyo sababu ya kuomba, kwa msisitizo, msimbo usifutwe kabla ya kuandikwa. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya tukio: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo na marekebisho ya mafuta pale tofauti ilipotokea. Ukifuta msimbo, picha hiyo inakwenda nayo, na kompyuta inaanza kujifunza upya kutoka sifuri. Kuchomoa betri kwa magari mengi kunaleta hasara ileile.

Wenye magari ya zamani zaidi wasidhani mjadala huu hauwahusu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cheusi chini ya boneti chenye kifuniko, na ndani yake matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kuwasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini inaanza kumeta: mara mbili, inatulia kidogo, kisha mara tano. Hiyo ni 25, na maana yake ni ileile, upungufu wa mafuta kwenye mchanganyiko.

Gharama ya kudharau tofauti inaonekana kwenye msimbo mwingine, P0420, unaosema kwamba ufanisi wa masega umeshuka chini ya mpaka. Masega ni ule mfuko wa ekzosi wenye vijitundu vilivyopakwa platinamu, paladi na rodi, unaosafisha moshi. Mara nyingi hayafi peke yake. Huuawa na injini iliyomisi au kula oili kwa muda mrefu bila kutibiwa. Taa ikimetameta badala ya kuwaka tu, kompyuta inaonya kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye masega saa hiyohiyo. Punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu. Kuyang'oa masega na kuyauza, kama inavyofanyika mijini mwetu, kunaacha chanzo palepale na kuwapa wapita njia moshi wa kuvuta. Kabla ya kuyahukumu, pima ekzosi kama inavuja na hakikisha injini haimisi.

Kwa hiyo istilahi hii iingie kwenye vyuo vya ufundi na kwenye karatasi za kazi za gereji ikiwa na maana yake kamili. Karatasi iwe na mistari mitatu: msimbo uliosomwa, kipimo kilichotofautiana na kiasi chake, na chanzo kilichothibitishwa kabla ya spea kununuliwa. Kwa gari letu ingesomeka hivi: P0171, marekebisho ya mafuta asilimia 24 injini ikiwa imetulia na 5 kwenye mzunguko wa 2,500, mpira wa hewa umepasuka, umebadilishwa, marekebisho sasa asilimia 3. Fundi anayeandika hivyo anaweza kukaguliwa na fundi mwingine kwa namba, na mwenye gari anayepewa karatasi hiyo anajua alicholipia.