Safu ya Lugha: Deni

Katika Baba Yetu, Wakatoliki huomba kusamehewa makosa. Wanaosali kwa maneno ya Biblia ya Union Version huomba kusamehewa deni. Hilo la pili ndilo lililo karibu zaidi na Kigiriki cha Mathayo, nami nalipenda. Kosa waweza kulizungukia kwa maneno. Deni lina kiasi na lina mwenyewe: mwenye duka akisamehe, anapiga mstari kwenye daftari na hasara ya unga ulioliwa anaibeba yeye.

Yesu mwenyewe alitaja hesabu. Katika Mathayo 18, mtumwa anasamehewa talanta 10,000, kisha anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi hata zile 100 ni jasho la miezi mitatu na zaidi! Mfano huu hauyadharau maumivu ya aliyedhulumiwa. Hata adui ambaye Yesu anamwagiza ampende amemdhulumu kweli. Mchungaji anayemwambia mjane aliyenyang'anywa shamba “sahau tu, mama” anaruka hatua. Amsikilize kwanza ataje ekari zake.