Dar na Lusaka Walipogombana Juu ya Reli, Kilombero Ilikuwa Katikati

Julai 14, 2026 inatimia miaka 50 tangu China ilipoikabidhi rasmi Reli ya Uhuru kwa serikali za Tanzania na Zambia. Maadhimisho hayo yanaikuta reli ikirudi mikononi mwa Wachina. Septemba 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha reli hiyo, TAZARA, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Hotuba zitakuwa nyingi mwaka huu, na nyingi zitasifu udugu wa Mwalimu Julius Nyerere na Kenneth Kaunda. Wanastahili sifa hizo. Ila wanaosimulia udugu peke yake wanaruka sura nzima ya historia ya reli hii: majirani wawili walioijenga pamoja waligombana, tena hadharani, juu ya kazi yake na juu ya siasa zilizoizunguka. Na kila walipogombana, waliokaa katikati ya reli hawakuulizwa neno.

Mbingu ni kimoja cha vijiji hivyo vya katikati. Kiko kilomita zipatazo 60 kutoka Ifakara, kwenye njia ya kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na mbuga za mpunga za bonde la Kilombero upande wa pili. Kwa nusu karne shaba ya Zambia imepita hapa ikienda bandarini, na mbolea na mafuta vimepita vikipanda kwenda Kapiri Mposhi. Kwa mtu wa Lusaka, Mbingu ni jina la stesheni ambayo treni ya mizigo haina sababu ya kusimama.

Mwanzo wa reli unajulikana. Novemba 11, 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia ya Kusini, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ikajikuta shaba yake inapita kwenye reli za adui. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida.

Hata hapo mwanzoni viongozi hao wawili hawakwenda mwendo mmoja. Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965 na akaipokea ahadi ya China bila kusita sana. Kaunda alitaka kwanza kuwasikiliza Waingereza na Wakanada, ambao wataalamu wao walisema mwaka 1966 kwamba reli inawezekana, ingawa hakuna aliyetoa fedha. Septemba 5, 1967 nchi tatu zikatia saini Beijing. China ikakopesha yuan milioni 988 bila riba, deni likagawanywa nusu kwa nusu. Kati ya kilomita 1,860 za reli, 975 ziko Tanzania na 885 Zambia.

Kipo kipengele kimoja cha kiufundi ambacho kilikuwa siasa tupu. Reli ya Kati ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000; reli za Zambia, kama za kusini mwa Afrika zote, zina milimita 1,067. TAZARA ikajengwa kwa kipimo cha Zambia. Matokeo yake yanaonekana Kidatu, mlangoni mwa bonde la Kilombero, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa linaikuta TAZARA na behewa haliwezi kuvuka upande wa pili. Kituo cha kuhamishia mizigo hapo kilijengwa mwaka 1998, miaka 22 baada ya reli kukabidhiwa.

Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Mwaka uliofuata mataruma yalikuwa yamekwisha kutandikwa hadi Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam, Mbingu ikiwa imekwisha kupitwa. Karakana kubwa ya Wachina ilikuwa Mang'ula. Kutoka Mlimba kupanda Makambako palikuwa na milima, mahandaki na madaraja marefu, na kilomita 157 za hapo zikawatoa watu jasho kuliko kipande kingine chochote. Juni 1975 reli ikafika New Kapiri Mposhi, mapema kuliko ilivyopangwa.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 1978, na huo unastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu vitabu vyetu vya shule huupita haraka.

Zambia ilikuwa imebanwa kila upande. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wake na Zambia. Alipotaka kuufungua wiki chache baadaye, Kaunda alikataa, akauacha umefungwa kwa hiari yake, na hilo liliigharimu nchi yake fedha ambazo hakuna jirani aliyemlipa. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela upande wa magharibi. Bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka. Machi 1976 Msumbiji nayo ikafunga mpaka wake na Rhodesia. Tanzania ilipofunga mpaka na Kenya Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia ya malori kutoka Mombasa kwenda Zambia nayo ikakatika. Ikabaki Dar es Salaam: bandari moja, barabara moja, bomba la mafuta moja na reli moja mpya.

Bandari ikazidiwa. Vichwa vya treni vya Kichina havikuwa na nguvu ya kutosha kwenye mwinuko wa Mlimba na Makambako, vikawa vinaharibika, na mabehewa hayakutosha. Shaba ikarundikana. Mbolea ya wakulima wa Zambia ikakaa mbali na mashamba huku msimu wa kupanda ukikaribia. Lusaka ililalamika kwamba Dar es Salaam inashindwa kazi. Dar es Salaam ilijibu kwamba mabehewa yakifika Zambia yanachelewa kushushwa na kurudishwa, na kwamba madeni ya Zambia hayalipwi kwa wakati. Kila upande ulikuwa na hesabu yake na hesabu zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake.

Chini ya hesabu hizo kulikuwa na tofauti za siasa. Mwaka 1975 Kaunda alikutana na John Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini ya makaburu, kwenye daraja la Victoria Falls, akitafuta suluhu ya mazungumzo. Kuhusu Angola, Tanzania iliitambua serikali ya MPLA mapema. Zambia ilisubiri hadi Aprili 1976. Kuhusu Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, Joshua Nkomo na wapiganaji wake wa ZAPU walikuwa na makao Zambia, wakati Nyerere na Samora Machel wa Msumbiji walikuwa karibu zaidi na chama cha ZANU. Wote waliutaka uhuru wa kusini. Walitofautiana juu ya njia, na juu ya nani alipe gharama ya kungoja.

Oktoba 6, 1978 Kaunda akatangaza kwamba Zambia itaanza tena kutumia reli ya kusini, ile inayopita Rhodesia, ili mbolea iingie kabla ya mvua. Uchaguzi wa Zambia ulikuwa miezi miwili mbele, na Simon Kapwepwe na Harry Nkumbula walikuwa wamejaribu kumpinga ndani ya chama. Nyerere na Machel walimweleza waziwazi kwamba hawakubaliani naye. Kwa Nyerere, mbolea hiyo ilikuwa inafungua tundu katika ukuta wa vikwazo uliojengwa kwa miaka kumi na mitatu. Reli ya Kilombero ilikuwa imejengwa ili siku kama hiyo isifike.

Siku 13 baada ya tangazo hilo, Oktoba 19, ndege za Rhodesia zilishambulia kambi ya ZAPU nje kidogo ya Lusaka na kuua mamia ya watu. Smith alipokea nauli ya mizigo ya Zambia kwa mkono mmoja na kutupa mabomu kwa mkono wa pili. Mwishoni mwa mwezi huohuo Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, na Tanzania ikageuza macho, malori na fedha zake kuelekea kaskazini. Aliyekuwa akilaumiwa Lusaka kwa kushindwa kusafirisha mbolea sasa alikuwa na vita.

Mimi sioni usaliti katika uamuzi wa Kaunda. Mkulima wa Zambia asiye na mbolea Novemba hana mahindi Aprili, na rais wake ndiye anayemjibu. Lakini Nyerere naye alisema kweli, na mwaka uliofuata ulimthibitisha: Oktoba 12, 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Njia ya kaskazini ikakatwa, Zambia ikabaki kuitegemea njia ya kusini ambayo utawala wa Rhodesia uliishika, na mwezi uliofuata utawala huo ukazuia mahindi yasipite. Mpaka Zimbabwe ilipopata uhuru Aprili 18, 1980, ugomvi wa majirani ulikuwa umekwisha bila mshindi.

Katika mabishano hayo yote, TAZARA ilipimwa kwa tani za shaba na kwa siku za meli kusubiri gatini. Mwanahistoria wa Marekani, Jamie Monson, ndiye aliyekuja kuipima kwa kipimo kingine. Kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya bonde la Kilombero, na nakala za risiti za vifurushi na mizigo midogo zilimwonyesha kitu ambacho wakubwa wa Dar es Salaam na Lusaka hawakukitazama: magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, mahindi na bidhaa za dukani, vikipanda na kushuka stesheni hadi stesheni. Watu walihamia kando ya reli, wengine kwa amri ya serikali katika Operesheni Vijiji, wengine kwa hiari kwa sababu ardhi ilikuwa na maji na treni ilikuwa na soko. Palikuwa na treni fupi ambayo wenyeji waliiita kipisi. Mama aliyekuwa na madebe matatu ya mchele hakuhitaji kumtafuta mwenye lori.

Kwa hiyo reli iliyojengwa ili Zambia isipite kwa Smith ilikuwa imegeuka uti wa uchumi wa watu ambao mkataba wa 1967 haukuwataja.

Walilazimika kuipigania wenyewe. Mwaka 1994, siasa za soko huria zikiwa zimeshika kasi katika nchi zote mbili na Afrika Kusini ikiwa imefunguka, shaba ilianza kurudi Durban na TAZARA ikaanza kubana matumizi. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, ikaonekana mzigo. Wanavijiji wa kando ya reli waliandika barua na malalamiko kwa wakuu wa wilaya, wakikumbusha kwamba reli hii ilijengwa kwa malengo ya taifa na kwa ajili ya wananchi. Waliikumbusha serikali Nyerere wake. Kwa maoni yangu barua zile ni sehemu ya historia ya reli hii sawa na saini za Beijing, na zinastahili nafasi katika maonyesho yoyote ya miaka 50.

Tangu hapo hadithi ni ya kushuka. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilifika mwaka 2014/15 ikibeba chini ya tani 100,000. Majirani waliendelea kubishana, safari hii juu ya sheria inayotaka mkurugenzi mkuu atoke Zambia na naibu wake Tanzania. Zambia imeangalia tena magharibi, safari hii kwenye ushoroba wa Lobito, Angola, unaoungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya, na hapa kwetu wapo wanaolalamika kama walivyolalamika mwaka 1978. Ni haki ya Zambia kuwa na milango miwili. Nchi isiyo na bahari iliyowahi kubaki na mlango mmoja haiwezi kulaumiwa kwa kukumbuka.

Linalonisumbua ni jingine. Mbingu ya leo ina mpunga, ina kakao ambayo imepata wanunuzi wa nje, na masika barabara ya Ifakara hadi Mlimba bado inawatesa wenye magari. Mkataba mpya unazungumzwa kwa lugha ileile ya 1978: tani, shaba, muda wa kufika bandarini. Mwekezaji anayetafuta faida ya miaka 30 atafanya hesabu ileile iliyofanywa 1994 kuhusu treni ya kusimama kila stesheni, na serikali mbili zenye hisa sawa zina uwezo wa kumwambia mapema kwamba treni hiyo haiguswi. Sehemu ya mkataba inayohusu abiria na mizigo midogo ichapishwe kwa Kiswahili, ibandikwe Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba kabla ya ukarabati kufika huko. Watu wa stesheni hizo walikwisha kuonyesha kwamba wanajua kusoma mkataba, na kwamba wanajua kuandika barua.