Nani Mwenye Kuidhinisha Jina la Afrika? Mgogoro wa Kikoa cha .africa

Kila anwani ya tovuti huishia kwa herufi zinazoitwa kikoa cha ngazi ya juu: .ug ni ya Uganda, .ke ya Kenya, na .com ni ya yeyote anayelipa. Mwaka 2012 shirika la ICANN, ambalo makao yake yako California, lilikaribisha maombi ya vikoa vipya. Ada ya kila ombi ilikuwa dola 185,000. Kati ya maombi 1,930 yaliyopokelewa, Afrika nzima ilitoa 17 tu. Wengi husimulia habari hii kama suala la umaskini, nami sipingi. Lakini kwangu mgogoro wa kikoa cha .africa unafundisha zaidi, kwa kuwa hapo fedha zilipatikana, na zikapatikana kwa pande mbili.

Upande mmoja ulikuwa DotConnectAfrica, taasisi iliyosajiliwa Mauritius na kuongozwa na Sophia Bekele, mzaliwa wa Ethiopia. Upande wa pili ulikuwa ZACR ya Afrika Kusini. Kanuni ya ICANN ilidai kwamba anayeomba jina la bara awe na uungaji mkono wa angalau asilimia 60 ya serikali za bara hilo. Hapo ndipo barua zilipoanza kugongana. Agosti 2009, Jean Ping, mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, alimwandikia Bekele barua ya kumuunga mkono. Aprili 2010 Kamisheni ikaiondoa idhini hiyo, na baadaye ikaichagua ZACR kwa njia ya zabuni. Je, idhini iliyokwisha kutolewa inaweza kurudishwa? DotConnectAfrica ilisema haiwezi.

Aprili 2013, huko Beijing, kamati inayozishauri ICANN kwa niaba ya serikali ilitaka ombi la DotConnectAfrica lisiendelee, na bodi ya ICANN ikakubali. Julai 2015 jopo huru la mapitio liliamua kwamba ICANN ilikuwa imekiuka kanuni zake yenyewe. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio kiini cha historia hii. Jopo halikusema Bekele anastahili kikoa. Lilisema alistahili kusikilizwa kwa haki. Ombi lake lilipochunguzwa tena, asilimia 60 haikupatikana.

Baadhi ya wenzangu darasani huufananisha mgogoro huu na Mkutano wa Berlin. Sikubaliani nao. Berlin hakukuwa na Mwafrika mezani, ilhali hapa waliogombana walikuwa Waafrika, na Umoja wa Afrika ulikuwa na sauti nzito kuliko wote. Kilichokuwa mbali ni baraza la kuamulia tu. Ugomvi wa Addis Ababa, Mauritius na Afrika Kusini ulipelekwa mahakamani California, ambako Aprili 2016 jaji alizuia kikoa kisikabidhiwe, na Februari 2017 mahakama ikakataa kuendelea kukizuia. Mwezi huo huo ZACR ikakabidhiwa .africa.

Kuanzia Julai 2017 mtu yeyote aliweza kununua jina linaloishia hivyo, awe Mwafrika au asiwe. Wakati huo kesi ya DotConnectAfrica dhidi ya ICANN ilikuwa bado haijamalizika.