Mwanga wa Kinyume cha Maada



Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa ipo maabara ya CERN, iliyoundwa mwaka 1954 na mataifa 12 ya Ulaya. Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikuwamo, miaka 9 tu baada ya vita kuu.

Hesabu ya Mwingereza Paul Dirac ya mwaka 1928 ilifungua njia ya kutambua kwamba chembe za maada zina pacha wenye chaji ya kinyume. Pacha hao wakigusana na maada, huangamizana.

Mwaka 1995 CERN iliunda atomi za kwanza za antihaidrojeni, zikatoweka papo hapo. Ikabidi lijengwe gereza lisiloguswa na mfungwa, kuta zake nguvu za sumaku. Mwaka 2010 atomi 38 zilizuiliwa humo.

Mwaka 2016 zilimulikwa kwa leza, nazo zikaitikia rangi ile ile inayoitikiwa na haidrojeni ya kawaida. Kipimo cha mwaka 2018 kilithibitisha usawa huo kwa usahihi wa sehemu 2 katika trilioni.

Basi sheria ni moja kwa pande zote mbili. Ikiwa ni hivyo, kwa nini ulimwengu umejaa maada, na pacha wake karibu hawaonekani? Kwa swali hilo, majirani hao wangali kazini pamoja.