Kusinzia Kichwa: Kutoka Mahenge Hadi Maridi

Ugonjwa wa kusinzia kichwa humpata mtoto aliyekuwa mzima, mara nyingi kati ya miaka 3 na 18. Kichwa huinama na kuinuka mara kadhaa kwa dakika, hasa anapoletewa chakula au anapopigwa na baridi. Ni rahisi kuufananisha na tiki, ile mishtuko ya misuli aliyoieleza Georges Gilles de la Tourette mjini Paris mwaka 1885. Lakini mwenye tiki kwa kawaida hana upungufu wa akili, ingawa wengi hupata shida kutulia darasani. Kusinzia kichwa ni kifafa, na kifafa hiki hula akili.

Daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall aliwaona wagonjwa hao Mahenge, Tanganyika, alikofungua kliniki ya kifafa, na mwaka 1965 akachapisha maelezo yake. Wapogoro, wenyeji wa huko, waliamini kuwa mate ya mwenye kifafa huambukiza, kwa hiyo mgonjwa alikula peke yake. Wengine waliangukia motoni wakaungua bila mtu kuthubutu kuwashika.

Sudan Kusini ilianza kuujua ugonjwa huu miaka ya 1990, vita vikiendelea, katika Ekwatoria ya Magharibi: Lui, Mundri, Maridi. Kutoka huko hadi mji mkuu, Juba, ni safari ndefu ya barabara mbovu, na hilo pekee laeleza mengi kuhusu uchelewaji wa tiba. Uganda nayo ilipata wagonjwa wengi Kitgum na Pader.

Uchunguzi wa mwaka 2011 huko Maridi na Witto uligundua minyoo ya upofu wa mtoni kwa asilimia 76.3 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 47.4 ya watoto wazima. Minyoo hiyo huenezwa na usubi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Vipimo vya umeme wa ubongo navyo vilionyesha kuwa kichwa huanguka kwa sababu misuli ya shingo hulegea ghafla wakati wa kifafa. Namna hasa minyoo inavyodhuru ubongo bado inabishaniwa.

Madhara kwa akili huja polepole: mtoto husahau, maneno hupungua, kisha huacha shule. Dawa za kawaida za kifafa hupunguza mishtuko, lakini zinapaswa kumezwa kila siku, bila kukatizwa.

Huko Maridi, usubi walizaliana kwenye njia ya maji ya bwawa. Tangu mwaka 2019 wanakijiji wamekuwa wakifyeka mimea inayoota humo, huku ivamektini, dawa ya minyoo hiyo, ikigawiwa, na wagonjwa wapya wamepungua.